Ng'ambo Tuitakayo: huyo "tu" ni nani?



Kila anayerudi kutoka likizo Unguja anakuja na picha za maghorofa mapya na maneno yale yale: "Zanzibar imebadilika bwana!" Kubadilika imebadilika, hilo halina ubishi. Lakini kubadilika ni kitu kimoja na kupangwa ni kitu chengine, na khofu yangu ni kuwa tunavichanganya.

Tuanze na hesabu. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 593,678 katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Sensa ya 2022 iliwakuta 893,169. Yaani kwa kila watu wawili kaongezeka wa tatu, ndani ya miaka kumi tu. Sasa jiulizeni: maji, njia, misingi ya mvua, skuli, makaburi, vyote hivyo vimeongezeka nusu yake?

Si kwamba mipango haikuwapo. Mji wetu umepangwa mpaka basi. Lanchester aliandika kitabu kizima mwaka 1923. Kendall akaja na mpango wake mwaka 1958, na sehemu kubwa yake ikabakia kwenye makaratasi. Mwaka 1968 wakaja Wajerumani wa Mashariki, mwaka 1982 Wachina. Mimi nimeisoma mipango hii kwa miaka, na naona imerithiana jambo moja: Mji Mkongwe unatazamwa kama mji, Ng'ambo inatazamwa kama tatizo. Hata jina lenyewe linasema. Ng'ambo ni upande wa pili, na aliyeliita hivo alikuwa amesimama Shangani au Malindi, anatazama ng'ambo ya mkono wa bahari ambao baadae ulijazwa udongo na sasa ni barabara ya Darajani. Na wenyeji wa upande huo baadae ndo wakawa wengi!

Mpango uliotekelezwa kwa nguvu khasa ni ule wa Wajerumani, na matunda yake ni Michenzani. Majumba yale marefu kama treni, yamepangwa msalaba, yalibomolewa mitaa mizima ili yapate kusimama. Tuseme haki: nia ya Mzee Karume ya kumpa mnyonge nyumba ya mawe yenye umeme na choo cha ndani haikuwa nia mbaya, na waliopata fleti wengi walifurahi. Lakini ilikusudiwa yajengwe maelfu ya fleti, zikapatikana elfu na kitu, na kazi ikasita. Mchoro ulihesabu vyumba, haukuihesabu baraza.

Nisije nikaonekana nalilia udongo na makuti. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na nyumba ya Kiswahili Kikwajuni. Baraza yake ilikuwa ni duka la vitumbua asubuhi, chuo cha watoto mchana, na baraza la usuluhishi jioni. Mwari akichelewa kurudi, watu watano washamuona. Hiyo ni miundombinu, ndugu zangu, kama ulivyo mfereji wa maji, ila haijaandikiwa bajeti. Ushahidi kuwa watu wanaihitaji ni huko huko Michenzani: waliopandishwa juu walishuka chini wakajitengenezea baraza na maskani zao miguuni mwa majumba.

Ndipo nikafurahi niliposikia mradi wa "Ng'ambo Tuitakayo" wa miaka ya 2010, ulioongozwa na Idara ya Mipango Miji na Vijiji pamoja na wataalamu kutoka Uholanzi. Kwa mara ya kwanza wapangaji walipita mitaani kuuliza mtaa unaitwaje na kwa nini, watu wanakaa wapi, wanacheza wapi, wanakumbuka nini. Hii ni kazi ya heshima na anayeibeza hajui tulikotoka.

Lakini mimi ni mwalimu wa lugha, nisameheni, nakwama kwenye kiambishi. Tu-i-takayo. Huyo "tu" ni nani? Jina la mradi ni la Kiswahili, ila kitabu kikubwa kilichotokana na kazi ile, Atlasi ya Ng'ambo ya 2019, ni cha Kiingereza. Mzee wa Miembeni aliyetoa simulizi zake ataisomaje? Na kilichosimama kwa haraka ni maduka makubwa ya vioo, Michenzani na Darajani. Muuza mchicha aliyekuwa chini ya mwembe, kodi ya fremu humo ataiweza? Kama hawezi, basi yeye hayumo ndani ya "tu".

Na sasa nigeuze kidole, maana nyani haoni kundule. Sisi tulioko Muscat, Dubai, London na Toronto nasi ni watu wa ng'ambo, kwa maana ile nyengine. Fedha zetu ndizo zinazojenga Fuoni, Tomondo na Chukwani. Eka tatu tatu walizopewa wakulima baada ya Mapinduzi zimekatwa vipande, na wanunuzi wakubwa ni sisi. Tunanunua kiwanja kwa simu, kakangu anasimamia, ukuta unapandishwa mpaka kwenye mpaka wa jirani, njia inabaki ya baiskeli. Hapo gari la zimamoto litapita wapi? Mvua ya masika ikija, maji yaliyokuwa na njia yao yanaingia sebuleni kwa mtu, nasi tunatumiana picha za Mwanakwerekwe iliyogeuka ziwa na kuilaani serikali! Serikali ina lawama zake, lakini yule aliyejenga juu ya njia ya maji ana jina, na mara nyengine jina hilo ni letu.

Rai yangu ni nyepesi. Kila mpango wa mji uandikwe kwanza kwa Kiswahili, usomwe kwenye maskani, ndo upelekwe kwa mfadhili. Anayehamishwa apewe haki ya kurudi alipotoka, kwa kodi anayoiweza. Na sisi, kabla ya kutuma senti ya kiwanja, tuulize swali moja: njia iko wapi na maji yanapita wapi? Akishindwa kujibu muuzaji, tusinunue.

Nikikosea nisahihishwe, khasa na wale mlioko nyumbani, maana aliyelala ndani ndiye anayejua paa linapovuja.

Wabillahi tawfiq.