Hongera kwa Watunzaji wa Red Rocks

Jiji la Denver, Marekani, linastahili pongezi kwa kuutunza ukumbi wa wazi wa Red Rocks. Majabali mawili mekundu, marefu kupita ghorofa nyingi, yameukumbatia pande zote mbili na kuisaidia sauti ya mwimbaji imfikie hata aliyeketi safu ya juu kabisa. Ulifunguliwa mwaka 1941. Msanifu wake, Burnham Hoyt, namheshimu kwa kuuacha mlima utawale. The Beatles walipiga muziki hapa mwaka 1964, lakini mimi napenda zaidi asubuhi zake: lango huwa wazi bila kiingilio, na wakazi, wazee kwa vijana, hupanda na kushuka ngazi za ukumbi wakifanya mazoezi, tambarare za Colorado zikiwa mbele yao.