Kitambaa Kimoja, Mikono Saba

Kitambaa cha meza kilichodariziwa na watu wengi hujisema chenyewe. Pembe moja imevutwa hadi nguo imekunjamana, ya pili nyuzi zimelegea, ya tatu imeshonwa na mtu mwenye haraka ya kurudi mjini, na ya nne haijaisha. Ndiyo maana kitambaa nilichokutana nacho kwenye nyumba moja ya Kibosho Umbwe, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, siku chache baada ya Krismasi, kilinishughulisha. Watu saba walikipitishia mikono yao, bibi mwenye nyumba na wageni wake, na bado sikuweza kuonyesha kwa kidole mahali ambapo mkono mmoja uliishia na mwingine ukaanza. Njia waliyoifuata inastahili kuelezwa kwa kirefu, maana inafaa nyumba yoyote inayopokea ndugu wakati wa likizo.

Desemba Kibosho ni mwezi wa mikono mingi. Watu wanapanda kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, hata Nairobi, na nyumba iliyokuwa na bibi na mjukuu mmoja inalaza wageni hadi sebuleni. Lakini ni mikono isiyotulia. Leo kuna ubatizo, kesho harusi, keshokutwa kikao cha ukoo. Mmoja anateremka Moshi mjini kumpokea mgeni, mwingine ameitwa kukata majani ya ng'ombe. Ukimpa kila mmoja pembe yake, yule anayeondoka na basi la alfajiri anaacha pembe tupu, na anayeimalizia atashona kwa namna yake.

Bibi alilikata jambo hilo kabla sindano haijatungwa uzi. Hakugawa kitambaa kwa pembe, alikigawa kwa mshono. Mke wa mwanawe wa kwanza alipewa mshono wa shina, kitambaa kizima. Shangazi akapewa mistari yote ya mnyororo. Bibi mwenyewe akachukua majani yote ya kujaza. Kwa hiyo popote palipo na shina kwenye kitambaa kile, mkono ni uleule. Popote palipo na mnyororo, mkono ni uleule.

Siri iko kwenye mkazo. Mkazo wa uzi ni kama mwandiko: kila mtu ana wake, na haubadiliki kwa kuambiwa. Yupo anayevuta uzi mpaka usikike, yupo anayeuacha ulale tu juu ya nguo. Ukiona majani yamekazwa kuliko mashina, jicho halilalamiki, kwa sababu linadhani ndivyo mishono hiyo miwili inavyotofautiana. Jicho linalalamika pale jani moja lilipokazwa na jani la jirani likalegea. Kugawa kwa mshono kunaificha tofauti ya mikono ndani ya tofauti ya mishono. Sijapata kuona utaratibu wa kazi ya pamoja ulio rahisi kuliko huo, na wala hauhitaji mtu yeyote awe fundi hodari.

Kazi maarufu kuliko zote za sindano duniani inaonyesha jambo lililo karibu na hili. Kitambaa cha Bayeux, kule Ufaransa, ni cha karne ya 11. Kina urefu wa karibu mita 70, na kwa jina kinaitwa zulia la ukutani ingawa kimedariziwa kwa nyuzi za sufu juu ya kitani. Kazi ndefu kiasi hicho haikuwa ya mtu mmoja. Lakini kimeshikana, na sababu kubwa ni uchache wa mishono: kwa sehemu kubwa ni mshono wa shina kwenye mistari, na nyuzi zilizolazwa kisha zikabanwa kwenye sehemu za kujaza. Kimeunganishwa kwa vipande tisa, na kwenye kiungo cha kwanza mistari ya pambizo ya juu haikukutana sawasawa, huku viungo vya baadaye vikiwa safi zaidi. Walijifunza wakiendelea. Bibi wa Umbwe hakuwa na nafasi hiyo, kwa kuwa meza yake ni moja.

Pwani nako wanaujua uzito wa usawa. Kofia ya mkono ya Zanzibar au Lamu, na kumma ya Oman, inajengwa kwa vitobo vidogo vilivyozungushiwa uzi kwenye kingo ili nguo isifumuke na upepo upite kichwani. Vitobo ni vingi mno, na kimoja kikiwa kipana kuliko wenzake, ua zima linapinda.

Turudi mlimani, kwenye mchoro. Katikati ya kitambaa kuna Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro. Kwenye pembe nne kuna migomba, na chini yake matawi ya kahawa. Pambizo yote imezungushwa masale. Nilipenda sana uamuzi huo wa mwisho. Masale ndiyo yanayopandwa kwenye mipaka ya kihamba, shamba la nyumbani la Wachagga, na ndiyo yanayobebwa na anayekwenda kuomba msamaha. Kuyapanga ukingoni mwa kitambaa ni kuyaweka mahali pake. Jani lake jembamba na refu linachorwa kwa mistari miwili ya mnyororo inayokutana nchani, kwa hiyo shangazi alikuwa na kazi ndefu lakini isiyomtaka kufikiri upya kila anapokaa. Mtu anayekatizwa mara kwa mara anahitaji kazi ya namna hiyo.

Mlima ulileta mjadala. Mjukuu wa kidato cha pili alitafuta picha kwenye simu, akaikuza, akainakili kwa penseli. Bibi aliitazama akasema, "Mjukuu wangu, huu ni mlima wa upande wa pili." Alikuwa sahihi. Picha nyingi zinazozunguka duniani, zile zenye tembo mbele, zimepigwa Amboseli, Kenya, kaskazini mwa mlima, na humo Mawenzi, kilele cha pili, iko kushoto. Aliyesimama Moshi akitazama juu anaiona Mawenzi kulia kwa Kibo. Dawa ilikuwa nyepesi: walipindua karatasi na kunakili kwa nyuma, kwa kuwa umbo la mlima likitazamwa kutoka upande wa pili ni lilelile lililogeuzwa. Mlima wa mita 5,895 ukarudi nyumbani kwa kugeuza karatasi.

Swali la theluji lilikuwa gumu zaidi, maana kitambaa ni cheupe, na uzi mweupe juu ya nguo nyeupe hauonekani. Walilitatua kwa kutoshona. Mstari wa kijivu chenye bluu unapanda kutoka chini, unakatikakatika unapofika kwenye barafu, na kilele kimebaki nguo tupu yenye ukingo mwembamba tu. Mchoraji mwingine angejaza anga lote kwa bluu ili kilele kitokeze, na angekuwa bado anashona hadi Pasaka.

Nguo yenyewe ilikuwa shuka la mitumba kutoka soko la Kiboriloni. Wengine wangeona ni ubahili. Mimi naona ni uchaguzi bora kuliko nguo mpya, kwa sababu shuka la pamba lililofuliwa miaka mingi limekwisha kuruka. Halitajikunja baadaye na kuacha mishono ikiwa imevimba. Kinachotakiwa ni kuhakikisha ni pamba kweli. Chomoa uzi mmoja, uwashe: pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu, lakini nailoni na jamaa zake huyeyuka na kuacha kipunje kigumu. Baba mdogo, ambaye ni seremala, hakukata kwa kufuata ukingo wa zamani wa shuka. Alichomoa uzi mmoja wa mtande na mmoja wa mshindio, akakata kwenye njia iliyobaki wazi. Kitambaa kilichokatwa hivyo hakipindi mezani hata kikifuliwa mara mia.

Kunakili kulifanyika kwenye kioo cha dirisha asubuhi, karatasi nyuma, nguo mbele, penseli ngumu iliyochongwa vizuri. Karatasi ya kaboni ni ya haraka zaidi, ila rangi yake ya bluu inapakaa kwenye viganja na haitoki kirahisi, hasa ikipigwa pasi kabla ya kufuliwa.

Uzi wa kudarizi unaouzwa kwa vishada una nyuzi sita zilizosokotwa pamoja, na kishada cha kawaida kina mita 8. Ukitumia nyuzi mbili kwa wakati, unapata mita 24 za kushonea, na hesabu hiyo ndiyo inayozuia uzi wa kijani kuisha katikati ya mgomba wa tatu huku duka likiwa Moshi mjini. Kipande cha kutunga kisizidi urefu wa mkono kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Kirefu zaidi ya hapo kinapita kwenye nguo mara nyingi mno, kinachakaa na kupoteza mng'ao kabla ya kufika mwisho. Mtoto wa darasa la tatu alikabidhiwa kazi hii yote: kukata, kutenganisha nyuzi, kuzipanga kwenye kadi iliyotobolewa, kutunga sindano, na kupiga bandi kwenye pindo. Macho yake ndiyo yaliyokuwa mazuri kuliko ya wote nyumbani, na sindano ya bibi haikukaa tupu.

Sasa majani ya mgomba. Hapa kazi imefika mbali. Mshono wa kujaza ni nyuzi zilizolala sambamba zikifunika eneo; ukizidi sentimita moja hivi, uzi unaning'inia na kunaswa na kila kitu, kuanzia pete hadi uma. Jani la mgomba ni pana. Lakini mgomba wenyewe una jibu, kwa sababu jani lake lina uti katikati na mishipa inayotoka humo kwenda ukingoni kila upande. Bibi alishona mshipa kwa mshipa, kutoka utini kwenda nje, upande mmoja kisha wa pili, akaliacha jani limechanika mahali pawili au patatu kama upepo unavyolichana. Kila mpasuko umeigawa kazi kuwa fupi zaidi. Mshono umetii mmea, na mmea umeondoa tatizo la mshono.

Mshono wa shina una masharti mengine. Sindano inatoka nusu ya hatua nyuma, na uzi lazima ubaki upande mmoja daima, la sivyo kamba inayojisokota inafumuka mbele ya macho yako. Anayetumia mkono wa kushoto huisokota kinyume. Binti aliyetoka Mwanza anatumia kushoto, na kama angechangia mashina na wifi yake, nusu ya matawi yangesokota huku na nusu kule. Alipewa vifundo vya buni. Kifundo ni mviringo, hakina kulia wala kushoto: zungusha uzi kwenye sindano mara mbili, uushike ukiwa umekaza, chomeka karibu na tundu ulikotokea lakini si ndani yake, maana ukirudi kwenye tundu lilelile kifundo kinapita chote kwenda nyuma. Vifundo vyake havilingani ukubwa, na buni kwenye mti hazilingani. Rangi ni nyekundu, chache za njano, mbili tatu za kijani. Majani ya kahawa yamechorwa mawiliwili yakielekeana, na buni zimekaa pale yanapoota, kama zilivyo shambani. Mtu aliyelima kahawa ataliona hilo mara moja.

Kulikuwa na sheria moja ya nyumba iliyonifurahisha: anayemenya ndizi hashiki kitambaa siku hiyo. Utomvu wa ndizi ukikauka kwenye nguo nyeupe unaacha doa la kahawia ambalo sabuni haiondoi. Watu hupaka mafuta mikononi kabla ya kumenya ili utomvu usishike, lakini mafuta nayo ni adui wa nguo. Kwa hiyo orodha ya wapishi wa mtori na orodha ya washonaji zilipangwa pamoja kila jioni. Na kushona kulikuwa kwa asubuhi, barazani, kabla ukungu haujashuka. Rangi mbili za kijani zinazopishana kidogo haziwezi kutenganishwa chini ya taa.

Nyuma ya kitambaa ndiko nilikothibitisha niliyoambiwa. Hakuna mafundo makubwa. Kila uzi umeanzia na kuishia kwa kupitishwa chini ya mishono mitatu minne iliyotangulia, na hakuna uzi uliorukia kutoka ua moja hadi jingine, jambo ambalo kwenye nguo nyeupe huonekana mbele kama kivuli. Sehemu pekee yenye mafundo ni mstari wa Kibo, kazi ya kijana wa kidato cha pili, na yameachwa.

Lawama yangu ni moja. Mlima umewekwa katikati kabisa, mahali sufuria au hotpoti itakapokaa, na mtori utakapomwagika. Michoro mizuri ya kitambaa cha meza hukaa kwenye sehemu inayoning'inia au umbali wa sahani kutoka ukingoni. Wakila, watauficha mlima wao.

Kabla ya kukifua walijaribu uzi mwekundu: kipande kilicholoweshwa kikabanwa ndani ya kitambaa cheupe kwa pasi ya moto. Haukuchuja. Wakakifua kwa maji baridi, kikaanikwa kivulini, kikapigwa pasi kikiwa na unyevu, uso chini juu ya taulo nene, ili vifundo vizame kwenye taulo visisagike.

Karatasi ya mchoro imekunjwa na kuhifadhiwa pamoja na kadi ya nyuzi, kila rangi ikiwa na namba yake ya dukani. Mwakani ni zamu ya foronya nne. Shangazi amekwisha kusema hatakuja, kwa hiyo nilipoondoka alikuwa anamfundisha mnyororo yule wa darasa la tatu kwenye kipande cha shuka kilichobaki. Sharti ni kwamba mistari kumi mfululizo iwe na pete za urefu mmoja, hata kama hazifanani na za shangazi. Amefikia mstari wa nne.