Kitabu Kilisema Mzizi

Tarehe 14 Julai 1992, kwenye basi bovu lililotelekezwa porini Alaska, kijana Christopher McCandless aliacha kutegemea mizizi ya kiazi pori akaanza kuchuma mbegu zake. Mengine yote yanayosemwa kuhusu kifo chake, ramani aliyoikosa, mto uliofurika, kiburi cha ujana, yanaweza kusubiri. Kosa ni hili, na alilifanya akiwa na kitabu mkononi.

Walioitazama filamu ya Sean Penn ya mwaka 2007 wataguna. Kwenye filamu kosa ni jingine: kijana anazidiwa, anafungua kitabu kwa hofu, anagundua amechanganya kiazi pori na njegere pori, mimea inayofanana kama kurwa na doto, ambayo mtu huitofautisha kwa mishipa midogo ya pembeni upande wa chini wa jani. Kwa sinema ni tukio zuri. Kwa uchambuzi ni upotoshaji, na safu hii haijawahi kulisamehe. Nadharia hiyo ilitoka kwenye makala ya mwandishi Jon Krakauer ya 1993, na Krakauer huyohuyo aliiacha alipoandika kitabu chake, Into the Wild, mwaka 1996. Filamu ikaja miaka 11 baadaye na kuifufua maiti. Mwaka uliofuata Thomas Clausen wa Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks na mwenzake wakachapisha matokeo ya kuipima njegere pori yenyewe: sumu waliyoitafuta hawakuiona. Lakini watu wameshatazama sinema, na nani atabishana na sinema?

Turudi kwenye mzizi.

McCandless aliingia njia ya Stampede mwishoni mwa Aprili akiwa na bunduki ndogo na mchele usiofika kilo tano. Kuanzia wiki ya mwisho ya Juni alichimba mizizi ya kiazi pori, akaila, na haikumdhuru. Mmea aliutambua sawasawa. Apewe haki yake.

Kitabu alichokuwa nacho kiliandikwa na Priscilla Russell Kari, kuhusu mimea wanayoitumia Wadena'ina, wenyeji wa kusini mwa Alaska. Kinaeleza kwamba mzizi wa kiazi pori huliwa mbichi, huchemshwa, huokwa, hukaangwa, na aghalabu huchovywa kwenye mafuta. Mafuta hayohayo ndiyo yanayoutunza usiharibike. Kinaeleza pia kwamba wakati mzuri wa kuuchimba ni ardhi inapoanza kuyeyuka baada ya baridi, kwa sababu kiangazi kikikolea mzizi hukauka na kuwa mgumu. Kuhusu mbegu kitabu kimenyamaza. Hakikusema zinafaa, hakikusema zinaua.

Sasa mtazame kijana katikati ya Julai. Mzizi umekuwa kama fimbo. Juu yake, kwenye shina lilelile, maganda yamejaa mbegu zinazochumwa bila kutokwa jasho. Njaa inauma. Kitabu hakijakataza. Akausoma ukimya kama ruhusa, na mchumaji yeyote wa porini akishafika hapo ameuacha usalama nyuma yake, hata kama jina la mmea analijua kwa Kilatini.

Msomaji wa Mtwara hahitaji kuelezwa hili. Bibo huliwa palepale chini ya mti, juisi ikitiririka hadi kwenye kiwiko. Korosho iliyoning'inia chini ya bibo hilohilo, ukiing'ata mbichi na ganda lake, utomvu utakubabua midomo. Mti mmoja, tunda na mbegu vimegusana, na hukumu ni mbili. Hakuna mzee wa kusini anayesema mkorosho unalika. Atakutajia sehemu gani, msimu gani, na ufanyweje kabla haujafika mdomoni.

Tena mimea ya jamii ya kunde, ambayo kiazi pori ni mmojawapo, ina tabia ya kuziwekea mbegu zake ulinzi wa kikemikali. Ndiyo maana hata maharage ya dukani yasipochemka vizuri humfanya mtu ashinde chooni. Mtu anayehama kutoka mzizi kwenda mbegu ndani ya ukoo huu anapaswa kujiona kama amekutana na mmea mpya kabisa.

Kisha kuna suala la kiasi. Kati ya picha alizojipigia kuna moja inayoonyesha mfuko wa plastiki wa karibu lita nne ukiwa umeshindiliwa mbegu. Picha hiyo ingefaa kubandikwa kwenye kila darasa la kuchuma chakula porini. Lita nne si majaribio, ni ghala. Tarehe 30 Julai akaandika kwenye shajara kwamba amedhoofika mno, kusimama tu ni kazi, na lawama akazitupia mbegu za kiazi pori. Mwili wake ulipokutwa mwanzoni mwa Septemba ulikuwa na uzito wa kilo 30 hivi. Alikuwa na miaka 24.

Wapo watakaosema angefuata lile jaribio la vitabu vya kijeshi vya Marekani: gusisha mmea mdomoni, weka ulimini, tafuna, meza kidogo, subiri saa nane, ongeza. Safu hii imelisema sana jaribio hili na italisema tena. Linakamata muwasho na kichefuchefu cha haraka, basi. Sumu inayofanya kazi polepole, inayohitaji mlo baada ya mlo kwenye mwili wenye njaa, inapita katikati ya jaribio hilo kama maji kwenye chekecheo. McCandless alikula mbegu kwa wiki mbili kabla ya kulalamika.

Zilikuwa na sumu gani? Hapo maabara zimezunguka kama pia. Krakauer alidai kwanza ni alkaloidi, Clausen akapima asiione. Mwaka 2013 Ronald Hamilton akaleta nadharia ya sumu inayopoozesha miguu, ile ya kunde zinazoitwa guaya kule Ethiopia. Mwaka 2015 Krakauer na wenzake wakachapisha kwamba mbegu zina kanavanini, asidi ya amino inayojifanya nyingine na kuuhadaa mwili ujenge protini mbovu. Ubishi bado unaendelea, na wengine wanashikilia kwamba njaa peke yake ilitosha kumuua. Uwe mshabiki wa upande wowote, siku ile ya Julai McCandless hakuwa na sababu hata moja ya kuziamini mbegu zile.

Njaa nayo ina hesabu yake. Alikuwa akila kindi, nungu, ndege na matunda madogo ya porini: vyakula halali vyote, mafuta karibu hakuna. Mnamo Juni alimpiga risasi yule paa mkubwa wa kaskazini mwenye pembe pana kama sinia, akajaribu kumkausha kwa moshi, nyama ikaingia funza. Waalaska humkata vipande vyembamba na kumwanika upeponi. Na Wadena'ina, kumbuka, mzizi wao huuchovya kwenye mafuta. Yeye alichukua kutoka kwenye kitabu jina la mmea, lakini mafuta yaliyoufanya uwe mlo aliyaacha kwenye ukurasa.

Zamani walikuwapo watu wenye akili ya kunakili mlo mzima. John King alikuwa kwenye msafara wa Burke na Wills, Australia, mwaka 1861. Wazungu wale walikula nadoo, vijibegu vya kangaga wa majini, wakazisaga na kushiba huku wakikonda, kwa sababu nadoo ina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1 na wao hawakuiandaa kama wenyeji walivyoiandaa. Burke, badala ya kuuliza, alifyatua risasi kuwatisha wenyeji hao, Wayandruwandha. Burke na Wills wakafa. King akaenda kukaa na Wayandruwandha hao, akala walichokula kwa namna walivyokila, na Septemba akakutwa hai. Hapa nyumbani tuna ushahidi mchungu zaidi: Tarime, mwaka 1985, wakati wa ukame, familia zilifupisha siku za kuandaa muhogo mchungu, na watu wakapooza miguu kwa ugonjwa wa konzo. Muhogo ni uleule uliowalea. Kilichopungua ni siku za makopa juani.

Au chukua Dick Proenneke, aliyejenga kibanda chake Twin Lakes mwaka 1968, katika nchi hiyohiyo ya Wadena'ina, akaishi hapo miaka ipatayo 30. Alichuma matunda aliyoyajua, akavua samaki, akalima bustani, na chakula kingine akaletewa kwa ndege ndogo bila kuona haya. Filamu yake imejaa mtu anayechonga mbao na kupika maharage. Hakuna anayekufa, kwa hiyo vijana hawaendi kuhiji kwake.

Kwa McCandless walienda, na wengine walizama kwenye mto uleule wa Teklanika uliomzuia yeye asitoke porini mwezi Julai. Juni 2020 helikopta ya jeshi ililinyanyua basi na kuliondoa porini. Likapelekwa Fairbanks, likakabidhiwa makumbusho ya chuo kilekile ambako Clausen alizipima mbegu.