Mtoto wa rehani: kusoma Peponi hapa Bujumbura

Nakala ya Peponi tuliyo nayo katika kundi letu ni moja tu. Ilifika ndani ya mfuko wa mtu aliyetoka Kigoma kusalimia ndugu zake. Kwa sababu ni moja, mmoja anasoma kwa sauti na wengine wanasikiliza. Mimi natumika na vijana, wengi wao wamevuka Rusizi kutoka Kongo, na tunakutana Jumamosi mchana. Kitabu kilituchukua miezi mitatu. Nataka kusema kwa nini mwanzo wake ni mzuri kuliko vitabu vingi tulivyosoma, na ni wapi kilituudhi.

Kwanza habari zenyewe. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948. Baada ya mapinduzi ya 1964 aliondoka akiwa kijana, akaenda Uingereza. Mwaka 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Anaandika kwa Kiingereza. Riwaya hii ilitoka 1994, Ida Hadjivayanis akaitafsiri, na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakaichapa 2022. Yaani kitabu cha mtoto wa Zanzibar kilihitaji miaka 28 kufika kwenye Kiswahili. Mtu ajiulize mwenyewe.

Hadithi inaanza wakati wa ukame, zama za Wajerumani. Yusuf ana miaka kumi na miwili. Baba yake ana hoteli katika mji mdogo wa Kawa, mji uliochangamka wakati reli ilipokuwa ikijengwa, kisha watu wakahama na biashara ikalala. Mara kwa mara anafika tajiri kutoka pwani, Aziz, ambaye mtoto anamwita kwa heshima ya mzee wa ukoo. Akifika, chakula kinapikwa kizuri, na Yusuf anapata kinachobaki. Akiondoka, anamwachia mtoto sarafu. Siku moja Yusuf anaambiwa atasafiri naye. Baba anampa habari kama anampa zawadi. Mama anamkumbatia, machozi yanamlengalenga, na mtoto haelewi ni kwa nini.

Kumbe ni deni. Baba ameshindwa kulipa, na mtoto amewekwa rehani. Yusuf anakuja kulijua jambo hilo pwani, dukani kwa Aziz, kutoka kwa Khalil, kijana mwingine aliyeletwa kwa njia ile ile. Khalil anamwambia wazi: huyu si mjomba wako wala nani wako, mwite Seyyid.

Sasa nasema kwa nini sehemu hii ni nzuri. Ukame hauelezwi kwa hotuba. Hakuna mtu anayesimama kulia kwamba mvua imekataa. Unauona kwa namna watu wa nyumba moja wanavyotazamana na wanavyoacha kutazamana. Na angalia sahani: chakula bora cha nyumba ile kinapikwa kwa ajili ya mtu anayewadai. Anayejua maisha ya kukopa butike anaelewa hapo hapo. Mwenye deni hapokelewi kwa uso wa kununa, jamani. Anapewa kiti kizuri, soda inatafutwa, watoto wanaambiwa wamsalimie vizuri.

Hapa Bujumbura ukame tunausikia zaidi kutoka Kirundo, kaskazini, ambako watu huhama mvua ikikosa. Sisi wa mjini tumeteswa na maji. Miaka hii Ziwa Tanganyika limepanda, na Gatumba watu wameacha nyumba ndani ya maji. Lakini kinachotokea ndani ya nyumba ni kile kile. Kazi inakwisha, deni linakua, na siku moja mtoto mmoja anaambiwa: wewe utaenda kukaa kwa tantine fulani, utasoma huko. Anafungiwa nguo zake. Wakubwa wanacheka kidogo kuliko kawaida, au kuzidi kawaida.

Tulipofika pale mama anapomkumbatia Yusuf, msomaji alinyamaza. Msichana mmoja wa kundi, wa miaka kumi na sita, aliletwa mjini hivyo hivyo, kwa mtu ambaye si ndugu wa damu. Wengine walikuwa wanamtukana Aziz: mwizi, mnyonyaji. Yeye akasema, "Hapana. Huyu mzee hapigi, hatukani, ananukia vizuri. Ndiyo maana mtoto hawezi kumshitaki kwa mtu." Halafu akaomba tuendelee. Sijasikia maelezo mazuri zaidi ya mhusika yule. Gurnah angemfanya Aziz kuwa zimwi, kitabu kingekuwa chepesi na sisi tungelala vizuri. Amemfanya mpole, mwenye adabu na dini. Adabu yake ndiyo inayofunga mlango.

Sasa manung'uniko yangu, na ninayo mawili.

La kwanza ni mama. Tunamwacha Kawa mapema sana, na hatukai naye tena. Najua mtaniambia: tunaona kwa macho ya Yusuf, na Yusuf ameondolewa. Ni kweli. Lakini katika kikao chetu akina mama wawili walikuja kusikiliza, na swali lao lilikuwa moja: je, yeye aliulizwa? Alikubali, au alikuta mambo yamekwisha kupangwa? Kitabu kinampa machozi, hakimpi neno. Mwandishi aliyeweza kuonyesha aibu ya baba kwa ishara ndogo angeweza kutuonyesha pia hesabu ya mama.

La pili linatugusa sisi wa huku. Yusuf akikua anachukuliwa kwenye msafara wa Aziz kwenda bara. Wanafika ziwani, wanavuka, wanaingia Marungu, kwa mtemi anayeitwa Chatu. Kijana mmoja wetu, ambaye baba yake ni mtu wa Moba, aliposikia Marungu alisimama. "Sasa tumeingia kitabuni!" Furaha yake haikudumu. Watu wa msafara wanawaita wenyeji washenzi, tena na tena, na yeye akakaa kimya mpaka mwisho wa kikao.

Nilimtetea mwandishi na bado namtetea, lakini si kwa moyo wote. Matusi hayo ni ya wafanyabiashara, na kitabu kinawaonyesha wao wenyewe wakinunua watu na kushika rehani. Chatu naye anapewa hoja: waliomtangulia Aziz walimdhulumu, kwa hiyo anachukua mali kama fidia. Hiyo ni haki ya kuzungumza. Lakini nyumba ya Kawa tumeijua mpaka deni lake. Kwa Chatu tunalala siku kadhaa, kuna hata msichana, Bati, anayekaa na Yusuf, na bado sikujua watu wale walivuna nini mwaka ule au mama zao waliogopa nini. Watu wa pwani wamepewa jiko. Watu wa Marungu wamepewa uwanja wa mtemi. Kiswahili hiki ninachoandika kilipanda huku na misafara ile ile, kupitia Ujiji hadi Rumonge na Buyenzi, na neno mshenzi lilipanda nacho. Mtoto wa Moba analisoma kwa lugha yake mwenyewe. Kwa Kiingereza labda lingeuma kidogo.

Mwisho wa kitabu ulitugawa. Vita vya 1914 vinakaribia, na Yusuf anakimbia kufuata safu ya askari wa Mjerumani. Baadhi walipiga makofi: ametoka! Wengine walisema amebadilisha bwana tu. Mimi niko na hao wa pili, na ndiyo maana naukubali mwisho huo. Mtoto aliyetolewa kulipa deni amefundishwa jambo moja, kwamba yeye ni wa mtu. Siku akiwa huru anatafuta mwingine wa kumfuata. Ng'ambo ya Rusizi vijana wa umri ule wamefuata wenye bunduki, na wachache walioniambia sababu hawakutaja siasa. Walisema nyumbani hakuna aliyewangoja.

Kwa hiyo nashauri kitabu hiki kisomwe, na kisomwe pamoja na wazazi, hasa mwanzo wake. Kiswahili chake cha pwani kitawashinda mahali fulani; sisi tunasema ndagala, wao dagaa, na si hilo tu. Ulizaneni. Na mzazi ambaye amempeleka mtoto kwa watu asiogope kwamba tunamhukumu. Sisi hatukumhukumu baba wa Yusuf. Tulichomdai ni kwamba angemwambia mtoto ukweli kabla hajapanda gari la moshi.

Nakala iko kwangu. Kurasa za kwanza zimeanza kuachana, mzishike polepole.