Kioo cha Kalibu na Jina la Ennion

Wengi wasifuo kazi za mikono hushika neno moja: kwamba kitu kilichotoka katika kalibu si kazi ya fundi, maana kalibu huzaa mapacha, na fundi wa kweli hazai mapacha. Sisi twaona neno hilo halitoshi. Shahidi wetu ni Ennion, fundi wa kioo wa siku za Warumi, katika karne ya kwanza baada ya Kristo, ambaye yadhaniwa karakana yake ilikuwa Sidoni, pwani ya Shamu.

Yafaa kwanza kuijua kazi yenyewe. Kioo cha Warumi kiliyeyushwa kwa mchanga na magadi. Ufundi wa kukipuliza kwa mrija ulianza katika nchi za Shamu na Palestina katika karne ya mwisho kabla ya Kristo. Wa kukipulizia ndani ya kalibu ulifuata mapema katika karne iliyofuata. Fundi huchota donge la kioo cha moto kwa ncha ya mrija, hulitia katika kalibu yenye vipande kadha wa kadha vilivyounganishwa, kisha hupuliza. Kioo hutanuka, hujibana na kuta, hutwaa kila mchoro uliochongwa ndani. Vipande vikiisha kufunguliwa, ndipo mdomo husawazishwa na mikono hubandikwa.

Sasa tutazame vikombe na mabirika ya Ennion. Majani, mizabibu na mifereji midogo imesimama wazi, haikufifia. Tena maungo ya kalibu, ambayo kwa fundi mvivu huacha kovu mwilini mwa chombo, yeye ameyaficha katika mistari ya mapambo. Je, kalibu ndiyo iliyofikiri pa kuficha kovu? La, ni mtu, naye alifikiri kabla moto haujawashwa. Basi pacha wa kumi hupungukiwa na nini, ikiwa kalibu haijachakaa na pumzi haikulegea?

Liko jambo moja tusilolisifu. Katika kibao kidogo ubavuni mwa chombo yameandikwa kwa Kiyunani maneno ya kusema kwamba Ennion ndiye aliyekifanya. Lakini aliyechonga kalibu, aliyepuliza, na aliyechochea tanuru, walikuwa mtu mmoja? Jina ni moja, na kazi yataka mikono mingi. Vyombo vingine humtakia mnunuzi akumbukwe: adabu njema, na biashara njema pia. Wachochea moto hawakutakiwa neno.

Strabo aliandika kwamba Rumi kikombe cha kioo kilipatikana kwa sarafu moja ya shaba. Hivyo kioo kiliingia katika nyumba za watu wa kawaida, na hatuwezi kuidharau njia iliyokifikisha huko. Hukumu yetu ni hii: kalibu haikuua ufundi, iliuhamisha tu, kutoka chombo hata kalibu. Atakaye kumpima fundi wa namna hii, na atazame maungo kwanza, kisha asome jina.