Kubadilisha na Kubadilika: Taarifa ya Roketi Ariane 5

Tarehe 4 Juni 1996 roketi Ariane 5 iliondoka Kourou, katika Guyana ya Kifaransa, kwa safari yake ya kwanza. Kabla ya dakika moja kwisha ilipotoka njiani, ikavunjika na kuteketea. Halmashauri ya uchunguzi chini ya J. L. Lions ilitoa taarifa mwezi wa Julai mwaka huo, nayo yawafaa wanalugha si chini ya mafundi.

Wengi waisimuliao habari hii hushika jambo moja tu: namba ya biti 64 ilitiwa katika nafasi ya biti 16, isiyopokea zaidi ya 32,767, ikafurika. Hiyo ni nusu ya kweli. Hesabu hiyo ilikuwa ya kusawazisha chombo cha kupimia mwelekeo kabla ya kuruka. Roketi ikisharuka, haina maana. Hata hivyo iliachwa iendelee kwa sekunde 40 hivi angani, kwa kufuata mahitaji ya Ariane 4, ambayo Ariane 5 haikuwa nayo. Chombo cha akiba, chenye programu ile ile, kilizima vile vile. Na kompyuta ya roketi ikazisoma habari za kosa kana kwamba ni habari za safari.

Sifa ya taarifa ni kwamba haikuishia kwenye namba: pendekezo lake la kwanza ni kuikomesha kazi hiyo mara roketi inapoinuka. Upungufu wake ni kulitumia jina "hali ya safari" bila kulichungua. Chombo kilikwisha kuitwa kwa jina hilo, na sehemu yake moja ingali ikifanya kazi ya ardhini.

Hapa Kiswahili kina msaada. "Kubadilisha" ni tendo la mtoa amri. "Kubadilika" ni jambo linalotokea katika kitu chenyewe. Mfasiri akiandika "kubadilisha hali" kila mahali, ataficha swali lililo kubwa: je, kila sehemu imebadilika? Mtambo wa sehemu nyingi hauingii hali mpya kwa kutajwa jina lake, bali pale sehemu zilizomaliza kazi zinapokoma na zinazohitajiwa zinapokuwa tayari. Watungao istilahi za kompyuta hawana budi kuvihifadhi vitenzi vyote viwili, kila kimoja kwa maana yake. Fundi asomaye kwamba hali imebadilishwa asidhani kwamba imekwisha kubadilika.