Mgeni Asiye na Msafara: Siku za Mwanzo za Tété-Michel Kpomassie huko Groenland

Msomaji aliyelelewa na habari za safari zilizoandikwa kwa Kiswahili amezoea msafara. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wengi humwita Tippu Tip, anapoeleza jinsi alivyoingia Manyema na kuifikia Lualaba, katika Maisha yake yaliyochapishwa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, hayuko peke yake. Ana jamaa, wapagazi, bunduki na pembe. Hata Selim bin Abakari, yule Mngazija aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896, na ambaye masimulizi yake Carl Velten aliyatia katika Safari za Wasuaheli (1901), alisafiri pamoja na bwana wake, Mjerumani Bumiller. Kichwa cha maandishi yake kinasema ni safari "yangu", lakini njia ilichaguliwa na mwingine. Mtu aliyetoka katika mapokeo hayo, akifungua L'Africain du Groenland cha Mtogo Tété-Michel Kpomassie, hukuta jambo ambalo fasihi hiyo haikumzoesha: mgeni asiye na msafara, asiye na bwana, asiye na jamaa bandarini.

Kitabu hiki kilitolewa na Flammarion mjini Paris mwaka 1981, kikiwa na utangulizi wa Jean Malaurie, mtaalamu Mfaransa wa nchi za ncha ya kaskazini. Kisa chenyewe kinajulikana kwa wengi. Mwandishi alizaliwa Togo mwaka 1941. Alipokuwa kijana alikutana na nyoka juu ya mnazi, akaanguka, akapelekwa msituni kwa kuhani mwanamke wa chatu apate kuponywa. Na baba yake, kwa shukrani, akakubali kwamba mtoto atarudishwa huko awe mtumishi wa ibada hiyo. Wakati wa kuugua alipata, katika duka la vitabu mjini Lomé, kitabu cha daktari Robert Gessain juu ya watu wa Groenland. Nchi ya barafu, isiyo na miti wala nyoka! Akatoroka nyumbani. Ilimchukua miaka kadhaa ya kazi mbalimbali, mji kwa mji katika pwani ya Afrika ya Magharibi, kisha Ufaransa na Denmark, kabla ya kushuka melini mwaka 1965 huko Julianehåb, mji wa kusini ulioanzishwa mwaka 1775, ambao wenyeji huuita Qaqortoq.

Kurasa za kuteremka melini ndizo zinazostahili kusomwa polepole. Watu wamekusanyika gatini kama ilivyo desturi kila meli inapofika. Wanapomwona, maneno yanakatika vinywani. Wakubwa wanamtazama usoni, wanawake wakitabasamu kwa haya. Watoto wengine wananing'inia kwenye nguo za mama zao, wengine wanapiga mayowe, na wengine wanatamka majina mawili, Toornaarsuk na Qivittoq. Msimulizi anaeleza kwa maneno machache tu kwamba hao ni viumbe vya milimani, kisha anaongeza wazo ambalo wahakiki wamelinukuu mara nyingi, yaani kwamba aliyekuja kugundua ndiye aliyegunduliwa.

Wazo hilo limesifiwa kupita kiasi. Wengi wamelitumia kukifanya kitabu kizima kuwa kisasi kizuri: Mwafrika, ambaye kwa karne nzima alipimwa, alipigwa picha na kuandikwa na wageni, sasa naye anashika daftari na kumwandika mwingine. Usomaji wa namna hiyo unafurahisha, nao si wa uongo, lakini unaruka lile lililo mbele ya macho. Bandarini Kpomassie hajaandika lolote juu ya mtu yeyote. Hajui lugha ya wenyeji. Anayetoa tafsiri katika ukurasa huo ni mtoto wa Qaqortoq, wala si msafiri, na tafsiri ya mtoto huyo ina maana kubwa kuliko anavyoiruhusu msimulizi.

Maana qivittoq si zimwi la kawaida. Katika imani ya watu wa Groenland, qivittoq ni binadamu aliyewaacha watu wake kwa hasira, kwa aibu au kwa uchungu wa moyo, akaenda kuishi peke yake milimani hata akapata nguvu zisizo za kibinadamu. Kinachomfanya aogopwe ni kule kuachana na wenzake. Katika nchi ambayo mtu wa pekee hawezi kuushinda msimu wa baridi, upweke wa hiari ni jambo la kutisha kuliko meno na makucha. Basi watoto wale, kwa kumwona mtu mrefu, mweusi, asiyefuatana na mtu yeyote, walimwita kwa jina la mtoro. Nao hawakukosea sana! Yule aliyesimama mbele yao alikuwa kweli amewakimbia watu wake, akimkimbia chatu na ahadi ya baba. Kiswahili kinatofautisha msafiri, ambaye njia yake inajulikana na kurudi kwake kunangojwa, na mtoro, ambaye kuondoka kwake ni kosa kwa aliowaacha. Kpomassie ni wote wawili, na bandari ya Qaqortoq ndipo mahali ambapo majina hayo mawili yanagongana kwa mara ya kwanza mbele ya mashahidi.

Ukisoma hivyo, siku zinazofuata zinapata uzito mwingine. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo huchukuliwa mara nyingi kuwa onyo kwa mgeni asikae mno. Hata hivyo ina upande wa pili: jembe humtoa mgeni katika ugeni, humpa mahali shambani na kwa hiyo mahali mezani. Kusini mwa Groenland, Kpomassie anapewa kila kitu isipokuwa jembe. Milango inafunguliwa. Anapewa kitanda, anapewa kahawa, anapewa ngozi mbichi ya nyangumi waiitayo mattak na mafuta ya sili, vyakula ambavyo ulimi wake unavikataa kabla ya kuvizoea, naye anajilazimisha kwa sababu anajua, kama ajuavyo kila mtoto wa Kiafrika, kwamba kukataa sahani ni kumkataa mwenye nyumba. Kurasa za chakula ni bora kabisa. Hapo msimulizi hajifanyi jasiri wala hamdhihaki mwenyeji. Anatafuna, na msomaji anatafuna pamoja naye.

Lakini akishashiba, anaanza kuchoka na ukarimu huo, na hapa kitabu kinateleza. Alikuja kutafuta mbwa wa kuvuta sileji na wawindaji wa sili juu ya barafu. Kusini hakuna mbwa hao. Kuna kondoo, kuna uvuvi wa samaki, kuna nyumba za mbao zenye rangi. Groenland ilikuwa imekoma kuwa koloni mwaka 1953 na kufanywa sehemu ya ufalme wa Denmark, na katika miaka ya 1960 serikali ya Denmark ilikuwa ikiwahamisha watu kutoka vijiji vidogo na kuwajengea nyumba mpya mijini. Msafiri anaona matokeo ya mambo hayo yote, hasa ulevi na vijana wasio na kazi ya kuwaridhisha, naye anayaandika kwa ukali. Ukali huo si wa siku za mwanzo, ingawa umewekwa ndani yake. Ni ukali wa mtu aliyeahidiwa kitu na kitabu, kisha akakikosa. Gessain ndiye anayepima hapo, wala si Kpomassie. Yule kijana aliyekuwa hana tafsiri yoyote bandarini amekwisha kuazima ile ile ambayo Wazungu wengi waliitumia kwa Afrika: wenyeji wa kweli wako mbali zaidi, hawa wa mjini wameharibika. Msomaji wa Lubumbashi au wa Kisangani aliyewahi kusoma wasafiri wa Kizungu wakiilalamikia miji ya Kongo kwa kukosa "Afrika halisi" atautambua wimbo huo mara moja. Inasikitisha kuusikia kinywani mwa Mtogo.

Kwa haki ya mwandishi, yafaa kusemwa kwamba haubaki kuwa wimbo wake wa pekee. Kadiri anavyopanda kaskazini na kuijua lugha, ndivyo anavyozidi kulinganisha imani za Groenland na za kwao Togo: roho za wanyama, miiko ya mwindaji, heshima ya waliokufa. Ulinganisho huo haukutoka kwa Gessain. Ulitoka katika msitu ule ule wa chatu alioukimbia. Na katika eneo la Upernavik, ndani ya nyumba ya udongo ya mzee Robert Mattaaq, ambaye kuta zake zimefunikwa kwa kurasa za magazeti alizozihifadhi mwaka hata mwaka, jembe linapatikana hatimaye. Pale mgeni ana kazi, ana zamu, ana mzee wa kumsikiliza. Sura hizo zimesomwa sana na kuhakikiwa vizuri. Za kusini husomwa kama ukumbi wa kupitia tu, ilhali ndizo zinazoonyesha ni jambo gani linalomgharimu mtu kufika mahali bila msafara: anakosa mtu wa kumwambia kwamba anachokiona ni nusu.

Lipo pia jambo la kichwa cha kitabu, ambalo kwa wanafunzi wa tafsiri halifai kupuuzwa. Kifaransa kinasema du Groenland. Tafsiri ya Kiingereza ya James Kirkup, iliyotoka mwaka 1983, ilimweka Mwafrika huyo ndani ya Groenland tu, kama mtu aliyepita. Kiswahili hakina haja ya kupoteza kitu hapa, kwa kuwa kihusishi chake kinabeba mahali, asili na umilikaji kwa pamoja: Mwafrika wa Groenland. Mfasiri atakayechagua "Mwafrika nchini Groenland" atakuwa amechagua ile siku ya bandarini, watu wakiwa kimya na watoto wakilia. Atakayechagua "wa" atakuwa amekwenda hadi kwa Mattaaq. Kitabu chenyewe kimetolewa miaka 16 baada ya kuteremka melini, na mwandishi wake alichagua "wa".